Dole Gumba la Bi Somoe

Siku ya nne Kitangari. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho
na nzi wanaijua njia kuliko sisi.
Fulana ya mradi inanibana kwapani,
kishikwambi kimebaki na asilimia arobaini,
na swali la kwanza linasema:
Je, unajisikia salama nyumbani?

Bi Somoe Nandonde anabangua korosho mlangoni.
Nampa wino aweke dole, ndiyo ridhaa yake.
Linatoka doa tupu, halina hata mstari.
"Mafuta ya maganda yamekula," anasema,
"mwaka wa ishirini huu.
We andika nimekubali, mwanangu.
Mimi ni mtu wa kukubali."

Ndani, redio imezimwa ghafla.
Mwongozo, ukurasa wa sita: Mhojiwa awe peke yake.
Waliouandika wana nyumba za milango saba.
Hapa ukuta ni fito na udongo,
na mume akikohoa
jibu linageuka njiani, kabla ya kufika mdomoni.

Daktari Annelise yuko garini. Mtu mwema, anatugawia maji.
Jana alishuka mara moja tu, na kofia yake,
na kijiji kizima kikabadili majibu.
"Tumepigwa," walisema wanawake wakimtazama yeye, si mimi,
"tumepigwa sana, na pampu ya maji imekufa tangu Machi."
Akaandika. Aliandika ile nusu ya kwanza.

Fomu inauliza kabila la mhojiwa,
umri wake, bati au nyasi, choo cha aina gani.
Haiulizi anayeuliza kaja na nini.

Bakari Likwata, je, umeibiwa chochote
katika miezi kumi na miwili iliyopita?
"Mizani."
Mizani yako imeibiwa?
"Mizani imeniibia. Nilipeleka kilo mia,
kalamu ikasema themanini na tisa."
Natafuta: kuku, baiskeli, simu, mazao shambani.
Nabonyeza Nyingine.
Eleza, kinasema kishikwambi, kwa herufi zisizozidi ishirini.
Mdogo wake yuko jela kwa debe moja la korosho.
Huyo ana kisanduku chake,
na kwenye ramani ya daktari
ni nukta nyekundu, iliyokolea vizuri.

Nyumba zenye lango la chuma ni sita.
Ya kwanza mlinzi akasema bosi amelala,
ya pili mbwa.
"Ruka," akasema msimamizi, "weka Hayupo,
tusije tukasumbua watu."
Juu ya ukuta nikaona mikono ya binti ikianika mashuka,
mmoja umefungwa kitambaa cha kitenge kuanzia kiwiko.
Nikaweka Hayupo.
Ripoti itasema ukatili unapungua
kadiri bati linavyong'aa,
na mtu atasimama ukumbini, mbali, atapigiwa makofi.

Swali la thelathini na moja nalisoma kwa sauti ya chini.
Je, kuna mtu aliyewahi kutumia cheo au fedha
kukulazimisha jambo usilolitaka?
Bi Somoe anaacha kubangua.
Ananitazama shingo, ananitazama ushungi
niliouvuta mbele kupita kawaida yangu.
"Na wewe?"

Jana usiku, gesti ya Newala.
Bwana Fikirini na karatasi za posho:
njoo usaini chumbani kwangu, ofisi imefungwa.
Ukumbi ulikuwa mrefu. Nilikuwa na kalamu yangu.
Nina mdogo wangu kidato cha tatu, na ada.

"Mimi ndiye ninayeuliza, bibi."
"Haya," anasema. "Uliza basi."
Anachukua korosho nyingine, anaigonga katikati,
inapasuka bila kuvunjika, nyeupe, nzima.

Sikuuliza. Niliweka tisini na tisa: Amekataa kujibu,
nisijue nimemjazia nani.
Kishikwambi kikawaka:
Hifadhi? Ndiyo. Hapana.

Asilimia tisa.
Msimamizi anapiga honi.